Nyuzi Mia Mbili na Arobaini

Barua ya kukubaliwa ilimkuta Wakio akisahihisha mitihani ya wanafunzi wa mwaka wa pili, na alichofanya ni kumaliza kwanza karatasi iliyokuwa mbele yake. Alimpa mwenye karatasi alama kumi na tatu kwa thelathini, akaandika "rudia swali la nne", ndipo akairudia barua kwenye simu. Chuo kikuu kimoja cha Uholanzi kilimwambia, kwa Kiingereza cha heshima, kwamba kati ya watu mia moja na tisini waliotuma maombi, yeye ndiye aliyechaguliwa kufanya utafiti wa uzamifu. Miaka minne, kuanzia Septemba. Alikuwa ameitafuta nafasi kama hiyo kwa miaka mitatu, akituma maombi huku na huko hadi akaacha kuyahesabu.

Mtu mwingine angeruka juu. Angempigia simu kila mtu, kuanzia kwa mchungaji hadi kwa adui. Wakio aliiweka simu kifudifudi juu ya meza, akavuta karatasi iliyofuata. Nje ya chumba cha walimu upepo wa Voi ulikuwa unapeperusha vumbi kama kawaida yake, na yeye alikuwa hasikii kitu. Hakuwa na furaha wala hofu. Tangu Machi, mama yake alipozikwa kijijini Marungu, ndivyo alivyokuwa. Alikula kwa sababu saa ya kula imefika, akafundisha kwa sababu kengele imelia, na usiku alilala vizuri kabisa, jambo lililomtia aibu. Machozi hayakuwa yamemtoka hata siku ya mazishi. Watu walisema ana moyo mgumu, wengine wakasema ni nguvu za Mungu, na yeye aliwaacha waseme.

Kazi aliyoisomea si rahisi kumweleza mtu barabarani. Unachukua kitu, tuseme mlango wa gari, unakiumba ndani ya kompyuta, unakikatakata vipande vidogo maelfu kwa maelfu, vipande ambavyo wenyewe wanaviita elementi. Kila kipande unakipa hesabu yake. Kisha unakisukuma kile kitu, unakivuta, unakipinda, na kompyuta inakuonyesha kitakapovunjikia kabla hakijatengenezwa. Mama yake alipoelezwa hivyo aliweka kikapu chini akamtazama.

"Kwa hivyo mnavunja kitu ambacho hakipo?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mtu anasomea hiyo?"

Alikuwa akimtania, lakini hakuwa mtu wa kukaa pembeni. Mghoi wa Marungu alisuka vikapu vya mkonge miaka arobaini, na binti yake aliposema anataka kuunda modeli ya mbao za plastiki zilizotiwa nyuzi za mkonge, alisema mkonge anao. Shida ya modeli ya aina hiyo ni moja tu: haijui lolote mpaka uiambie uzi mmoja una nguvu kiasi gani. Kwa hivyo likizo ya Agosti mwaka uliopita Wakio alihamia Marungu wiki tatu na vifaa vyake. Kila uzi aliupima unene, akaugundisha kwenye ndoano, akaning'iniza chupa ya soda ya lita mbili, akatia maji kidogo kidogo mpaka uzi ukatike, kisha akapima chupa kwa mizani. Mama yake alikaa nyuma yake kwenye kigoda, tita la mkonge magotini, akichomoa uzi baada ya uzi na kumpa. Walipima nyuzi mia mbili na arobaini.

Matokeo yalikuwa mazuri kupita kiasi. Mkonge kokote duniani ni kigeugeu. Uzi huu una nguvu, unaofuata ni takataka, na watafiti huona takwimu zikitawanyika asilimia thelathini na zaidi. Za Wakio zilitawanyika asilimia tisa. Kwenye mahojiano ya mtandaoni, Profesa Hoekema, ambaye ndiye angemsimamia, aliinama karibu na kamera akasema hajapata kuona nyuzi za mimea zilizotulia hivyo. Labda ni udongo wenu, alisema. Labda ni ukame. Hapo ndipo alipowapiku wale wengine wote, na yeye mwenyewe alilijua hilo.

Barua ilikuja na sharti. Kabla ya Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa sita mchana, atume takwimu zote za awali, awe ametenga mkonge uliobaki baada ya vipimo, na ajaze fomu. Swali la sita liliuliza: sampuli zilichaguliwa kwa njia gani? Wakio alijaza palepale mezani kwamba zilichukuliwa bila kuchagua. Kisha akarudi kwenye mitihani.

Jumamosi alipanda boda hadi Marungu kuchukua ule mkonge uliobaki. Nyumba ilikuwa imefagiliwa. Mbinya, jirani na mwenzake mama yake katika kikundi cha wasusi, ndiye aliyekuwa na ufunguo, na alikuwa ameketi barazani na kikapu ambacho marehemu alikiacha nusu. Kikundi kilikuwa kimekubaliana kwamba Mbinya akimalize, maana mwenye kukiagiza yuko Mombasa na bado anakingoja.

"Karibu, mwanangu. Umekonda," alisema Mbinya. "Chai iko kwa thermos."

"Asante, Mama Ngui. Nimekuja kuchukua ule mkonge tuliopima na Mama."

"Uko ndani, nyuma ya mlango. Sikuugusa. Kaa kwanza, jua hili si la kutembea."

Wakio akakaa. Alimimina chai, akainywa bila kujua kama ina sukari. Macho yake, kwa kukosa pa kwenda, yalitua kwenye mikono ya Mbinya. Mkono wa kushoto ulichomoa uzi kutoka kwenye tita, ukaupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, ukaupeleka kulia kusokotwa. Uzi mwingine, vivyo hivyo. Wa tatu ulipitishwa vidoleni kisha ukadondoshwa chini, na Mbinya wala hakutazama. Alikuwa anaeleza habari za mbuzi wa Ngui aliyeliwa na fisi. Wakio alitazama sakafuni. Kando ya mguu wa Mbinya palikuwa na kichuguu cha nyuzi zilizotupwa.

"Mama Ngui, hizo za chini ni za nini?"

"Zipi? Ah, hizo? Za kuwashia moto."

"Mbona unazitupa?"

"Si ni mbaya." Mbinya alicheka. "Uzi mmoja mbaya ukiingia kwa kamba, kikapu kinapasukia hapo, mwenyewe anakirudisha na kelele. Kwetu hakuna uzi unasokotwa kabla haujapita mkononi. Ni sheria ya kikundi. Mama yako ndiye aliileta, na yeye alikuwa mkali zaidi. Katika kumi angetupa tatu, nne."

Wakio aliweka kikombe chini.

"Anajuaje kama ni mbaya?"

"Mimi huvuta kidogo, nasikia ukilegea. Mama yako hakuvuta. Alishika tu, basi. Tulimuuliza akasema hata yeye hajui."

"Na zile alikuwa ananipa mimi? Za kupima?"

Mbinya aliinua uso kwa mara ya kwanza, akamwangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Sasa Wakio, wewe unafikiri mama yako angempa mtoto wake uzi mbovu?"

Basi ikawa hivyo. Wiki tatu nzima Wakio aliitumbulia macho chupa ya soda, na nyuma ya mgongo wake mama yake alikuwa akichuja. Hakuficha wala hakudanganya. Mkono wake ulifanya ulichozoea kufanya miaka arobaini, na kama angeambiwa achukue tu bila kuchagua, pengine angekubali na mkono ungeendelea kutupa. Haikuwa udongo, wala ukame. Zile asilimia tisa zilikuwa vidole vya mama yake. Wakio aliyaelewa yote hayo mara moja, kama anavyoelewa hesabu, na akangoja ashtuke. Hakushtuka. Alimaliza chai, akaaga, akafunga tita la mkonge nyuma ya boda, akarudi Voi.

Jumanne jioni alimwita kaka yake. Derrick alikuwa karani wa mizigo kwenye stesheni ya reli, mtu wa tumbo na maneno mengi, na kwa kazi aliyokuwa anaitiwa alikuwa na sifa moja kubwa: hakuwa amewahi kusuka hata kamba ya mbuzi. Vidole vyake havikujua uzi mzuri wala mbaya. Wakio alimkalisha sebuleni kwake, mtaa wa Mwakingali, akampa sehemu ya ule mkonge wa Marungu ambayo haikuwa imechujwa na msusi yeyote, akamwambia afumbe macho na achomoe tu.

"Nifumbe macho kama nini?"

"Fumba, Derrick. Nyuzi sitini."

Alifumba, akachomoa. Wakio akapima unene, akagundisha, akaning'iniza chupa, akatia maji. Uzi wa kwanza ulifika lita moja na zaidi. Wa pili ulikatika chupa ikiwa na maji ya kunywa panya.

"Hiyo imekatika kabla hata sijakaa vizuri," alisema Derrick, jicho moja wazi.

"Fumba."

Wakaendelea. Nyuzi nyingine zilishikilia kama waya, nyingine zilikufa papo hapo, na Wakio aliandika namba. Kwenye uzi wa thelathini Derrick alichoka kunyamaza, akataka kuelezwa anafanya nini hasa. Akaelezwa.

"Ngoja nielewe," alisema. "Umeshapewa nafasi. Barua iko. Na wewe unatafuta njia ya kuirudisha."

"Takwimu nilizowapa si za mkonge. Ni za mkonge uliochujwa."

"Na nani atajua? Hao wazungu watakuja Marungu kumuuliza Mbinya? Wakio, mimi ni kaka yako, nakwambia ukweli. Mama alikaa na hiyo nyuzi wiki tatu ndio wewe uende. Sasa wewe unataka kumwonyesha kama aliharibu."

Wakio alitia maji. Uzi ukakatika. Akaandika.

"Huna hata uchungu," alisema Derrick, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kwa mazishi hukulia. Ukapata barua hukucheka. Sasa unatupa bahati yako na uso ni huo huo. Mimi nakuogopa siku hizi."

"Chomoa nyingine," alisema Wakio.

Alichomoa. Walifika sitini giza likiingia, na Derrick akaondoka bila kungoja chakula.

Wakio aliwasha kompyuta, akaingiza namba mpya kwenye modeli ile ile: ubao ule ule, vipande vile vile elfu arobaini, mzigo ule ule. Zamani, kwa nyuzi za mama yake, ubao ulibaki buluu na kijani hadi mzigo ulipokuwa mkubwa kweli. Sasa wekundu, rangi ya kuzidiwa na mzigo, ulianza kwenye nukta moja karibu na ukingo, ukaruka kwa jirani yake, ukaenea, na ubao ukavunjika kwa mzigo usiofika nusu ya ule wa kwanza. Ubao wa namna hiyo ungeweza kuwa sakafu ya basi. Ungeweza kuwa paa la darasa. Wakio alijua hayo yote, nayo hayakumgusa. Aliyajua kama mtu anavyojua mji mkuu wa nchi asiyopanga kwenda.

Nikisema alituma ukweli kwa sababu ya utakatifu, nitakuwa ninampaka mafuta. Alituma kwa sababu uongo ni kazi. Uongo wa miaka minne unataka mtu aliye macho, anayekumbuka kila siku jana alisema nini, na Wakio hakuwa na nguvu hizo. Kuna watu huwa waaminifu kwa kuchoka tu. Alhamisi, wakati wa chai ya saa nne, alifuta jibu lake la swali la sita. Akaandika kwamba nyuzi mia mbili na arobaini zilikuwa zimechaguliwa na Mghoi, msusi, ambaye kwa mazoea ya kazi yake aliondoa zile dhaifu bila mtafiti kujua. Aliambatisha zile sitini za Derrick na matokeo mapya ya modeli. Akabonyeza, akaenda darasani kufundisha mada ya fremu na mihimili.

Jibu la kamati lilichukua wiki moja kamili. Lilikuwa fupi. Walimshukuru kwa uwazi wake. Walisema kwamba kwa kuwa takwimu zilizokuwa msingi wa uamuzi haziwezi kutumika jinsi zilivyo, barua ya awali imebatilishwa, na nafasi amepewa aliyekuwa wa pili. Nafasi nyingine itatangazwa Februari, na wangefurahi akituma maombi tena.

Wakio alisoma akiwa chumba cha walimu, meza ile ile. Alisoma kama mtu anayesoma notisi ya umeme kukatwa mtaa wa wengine. Alijichunguza, kwa udadisi tu, aone kama kuna mahali panauma. Miaka mitatu ya maombi, ile kazi aliyoitaka kuliko kitu chochote, imekwenda, na kifuani ni kimya kama chumba kilichohamwa. Silvanus, mwalimu wa useremala aliyeketi meza ya pili, alimuuliza kama kila kitu ni sawa. Alisema ni sawa. Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lilikuwa baya.

Alipotaka kufunga simu aliona kuna barua nyingine chini yake, imeingia dakika kumi baadaye. Hii haikutoka kwa kamati. Ilitoka kwa Profesa Hoekema mwenyewe, na haikuwa na nembo ya chuo.

Aliandika kwamba amesikitika, na kwamba kwenye kamati alipiga kura upande wake akashindwa. Lakini hakuandika kwa ajili ya hayo. Jana, alisema, alikaa na yale mafungu mawili ya takwimu akayaweka moja juu ya jingine, zile mia mbili na arobaini na zile sitini. Akatafuta ni nyuzi ngapi dhaifu zilizompita yule msusi. Alipata mbili. Katika nyuzi zote hizo, mbili tu. Maabara yake ina mashine ya kupiga nyuzi picha ndani kwa ndani, na haikaribii hapo. Kwa hivyo nakuuliza kama mtu tu, aliandika, si kama profesa: anajuaje? Ni joto la uzi? Ni sauti? Ni mkwaruzo kwenye ngozi? Tafadhali muulize, kama hatajali, nami nitashukuru kusikia kwa maneno yake mwenyewe. Mwambie sijaona mkono kama wake.

Wakio alibonyeza mahali pa kujibu. Alikuwa mwepesi wa kujibu barua; hazikuwahi kumlemea. Aliandika kwamba anashukuru. Aliandika kwamba kwa bahati mbaya haitawezekana. Akafuta, kwa kuwa haikueleza kitu. Akaandika: Mama yangu alifariki tarehe kumi na mbili Machi.

Aliitazama ile sentensi. Kazini alikuwa amesema ana msiba. Benki alisema kuna mambo ya familia. Kanisani ilisemwa na wengine, na Derrick ndiye aliyeijaza kwenye fomu zote. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza.

Bado swali lilikuwa palepale juu ya skrini. Anajuaje? Na Wakio akaona kwamba hata kama mama yake angekuwa hai, yeye hangekuwa na la kumjibu profesa, maana hakuwa ameuliza. Wiki tatu walikaa wawili tu barazani, hatua moja kati yao, mama akiwa na maarifa ambayo Ulaya nzima inayatafuta, na yeye aliyemaliza shahada mbili alikuwa amempa mgongo. Alijaribu kukumbuka alimwambia nini siku zile zote. Alikumbuka vizuri. Alikuwa akinyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, na kusema, "Lete nyingine." Mara mia mbili na arobaini alisema lete nyingine. Na kila mara uzi ulikuja ukawekwa kiganjani mwake, mzuri.

Kilichomtoka kwanza kilikuwa sauti. Silvanus aliinuka kiti kikaanguka. Wakio alikuwa ameinamia meza, mitihani ya watu ikilowa chini ya uso wake, mkono mmoja umenyooshwa nyuma na kiganja kimefunguka, na maumivu aliyoyangoja tangu Machi yalikuwa yamefika yote kwa pamoja. Alilia kwa kelele, mbele ya walimu, mchana kweupe, na kengele ya kipindi ilipolia hakuisikia.